Mwalimu wa Dereva Ana Deni kwa Nani?

Kila kazi ya mikono ina hasara zake za kujifunza. Seremala kijana huharibu mbao, na mshonaji kijana hukata kitambaa mahali pasipopasa. Bwana wao hunung'unika, lakini kesho yake kazi huendelea, na yule kijana amejua jambo ambalo jana hakulijua. Ndiyo maana watu husema kwamba mtu hujifunza kwa kukosa. Lakini ziko kazi ambazo akosaye siye alipaye, na kazi ya kuendesha lori ni mojawapo. Dereva akikosa, huenda alipaye ni mwanamke aliyekuwa akivuka njia na mzigo wake kichwani, asiyejua hata kama usukani ulikuwa mikononi mwa mwanafunzi. Basi yafaa tuulize: dereva mzee apata wapi haki ya kumwachia usukani mtu asiyejua bado, katika njia iliyo ya watu wote? Tena, asipomwachia, madereva wa kesho watatoka wapi?

Tuchukue mfano mmoja. Wasafiri watokao Iringa kwenda Dar es Salaam waujua mlima wa Kitonga, jinsi barabara inavyopindapinda ubavuni mwa mlima huku bonde likiwa upande wa pili. Malori yatokayo Zambia na Kongo hushuka hapo yakiwa na shaba iendayo bandarini, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori pamoja na mzigo wake kufika tani 56. Sasa, breki hushika kwa kusugua, na kusugua huzaa moto. Dereva mgeni akikanyaga breki mfululizo tangu juu, ngoma za magurudumu hupata moto hata zikatanuka, na nguvu ya kushika hupungua kidogo kidogo. Moshi ukionekana kiooni, breki zimekwisha kuchoka. Akitaka wakati huo kurudi gia ndogo, huenda gia ikakataa kuingia, naye akabaki hana breki wala gia. Mzoefu hutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, huiacha injini ilizuie gari, na breki huikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha huiachia ipoe. Jambo kubwa limpasalo hulifanya kule juu, mahali ambapo hatari haijaonekana.

Hapo ndipo usemi ule wa kujifunza kwa kukosa ushindwapo. Aliyekosa juu ya mlima hulijua kosa lake akiwa katikati ya mteremko, na elimu hiyo haimfai tena. Hapana budi aogope jambo asilopata kuliona, kwa neno la mtu aliyeliona. Kufundisha hofu ya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kufundisha gia, maana kijana mwenye nguvu aliyeshuka salama mara tatu ana ushahidi wake mwenyewe, nao wampinga mwalimu.

Katika nchi yetu njia ya zamani ya kuipata elimu hii ni utingo. Kijana hupanda lori kama msaidizi, hufunga turubai, huweka mawe nyuma ya magurudumu, na kwa miaka humtazama dereva. Siidharau njia hii. Mtu aliyekwisha kulala porini chini ya lori bovu ajua mambo yasiyoandikwa vitabuni. Lakini macho hayachagui. Mzee akimwambia kwamba penye makazi ya watu mwendo usipite kilomita 50 kwa saa, naye mwenyewe apita hapo kwa 70 kwa sababu polisi hayupo, kijana ameshika lile la pili. Ameshika pia ya kuwa kibao cha barabarani ni habari ya polisi, si ya watoto wavukao. Nani atamweleza baadaye kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ipasayo kuzimwa ili gari lisimame huzidi mara nne? Tena wako wazee ambao, wakichoka usiku, humpa utingo usukani nao hulala kitandani nyuma ya viti, wakisema kwamba wamfundisha! Mwalimu aliyelala ni abiria tu.

Wengine hujibu kwamba dawa ni shule na sheria. Shule ni njema, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, hufundisha madereva wa magari makubwa. Sheria nayo ni njema. Lakini angalieni Marekani: tangu tarehe 7 Februari 2022, mtu atakaye leseni ya lori kubwa kwa mara ya kwanza hana ruhusa ya kufanya mtihani wa kuendesha kabla hajafundishwa na mwalimu aliyeandikishwa. Walakini sheria hiyo haikuweka idadi ya saa za kushika usukani. Yataka mwalimu ashuhudie kwamba mwanafunzi ameweza. Wako waliolaumu jambo hilo. Mimi naona kwamba hata wangeweka saa mia, mwisho lazima mtu mmoja amtazame mwenziwe na kusema ndiyo, au bado.

Neno hilo bado ndilo zito. Anayeambiwa yupo, ana uso na jina, labda ni mwana wa dada yake mwalimu. Ana watoto, na tajiri amekwisha kumwahidi gari mwezi ujao. Wale watakaoumia hawapo. Huruma ya mwanadamu huelekea kwa yule amwonaye, na hivyo mwalimu aliye mwema kwa kijana aweza kuwa mkatili kwa watu wengi asijue. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na moto ukawaua watu zaidi ya mia moja, wengi wao wakiwa wameendea kuchota mafuta. Sitaji habari hii ili nimhukumu dereva. Nataka tuone jinsi wanaolipa wawezavyo kuwa wengi, na jinsi walivyo mbali na kiti chake. Naamini mwalimu ana deni kwao kwanza, kisha kwa mwanafunzi, na kwa tajiri mwisho.

Hata hivyo bado nayo yaweza kuwa uovu. Wako mabwana wamwekao kijana miaka mingi akiosha magurudumu, kwa kuogopa kwamba akiweza atawanyang'anya kazi. Twawapambanuaje? Mwenye haki aweza kutaja kilichopungua. Atasema: hukutazama kioo cha kushoto kabla ya kukata kona, na pikipiki hujificha hapo; au, umesahau kwamba magurudumu ya tela hukata ndani kuliko ya mbele. Kisha humpa nafasi ya kulitengeneza. Mwenye wivu husema bado, akanyamaza.

Imebaki mara ya kwanza. Siku moja kijana atashuka Kitonga akishika usukani mwenyewe, wala hakuna awezaye kuiondoa hatari yote ya siku hiyo. Mwalimu aweza kuichagua siku: asubuhi, njia ikiwa kavu, lori likiwa na mzigo mdogo, naye ameketi kando akitazama. Hatari inayosalia twaibeba sote, na sidhani kwamba ni dhuluma, maana sote twala chumvi na kutumia mafuta yaliyoletwa na malori. Lakini wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wakaao kando ya njia chini ya mlima, waibeba zaidi yetu, wala hakuna aliyewauliza. Kwa ajili yao, tajiri akiamuru lori liondoke usiku huu likiendeshwa na kijana asiye tayari, mzee ana haki ya kukataa, ijapokuwa kukataa huko kutampotezea safari yake mwenyewe.