Amana ya Fundi na Ujira wa Kujua



Liliulizwa swali katika darsa yetu hapa Changamwe: Fundi akiitwa kutengeneza mashine, akakuta kwamba kubwa lililoiharibu ni uchafu wa kuondolewa kwa saa moja, je, anastahili ujira gani? Muulizaji alikuwa na kisa chake mwenyewe, nasi twakieleza kwa idhini yake, kwani kina mafunzo kwetu sote.

Ndugu huyu ana mkahawa. Alinunua mashine kuukuu ya kuoshea vyombo, katika zile bidhaa zilizotumika ng'ambo zinazoshushwa bandarini Kilindini. Baada ya muda vyombo vikawa vyatoka na makombo, maji yakawa yabaki chini hayatoki, na mlangoni yakawa yavuja. Fundi wa kwanza hakuifungua. Aliisikiliza ikinguruma, akasema, "Pampu imekufa," akataja bei ya pampu mpya.

Fundi wa pili alichomoa waya wa umeme, akateka maji yaliyobaki, akaanza kwa yaliyo rahisi kabla ya yaliyo ghali. Kichujio kilikuwa kimeziba kwa mafuta. Ile mikono inayozunguka na kurusha maji, vitundu vyake vilijaa ukoko mweupe wa chokaa, ambao maji magumu huuacha yakipashwa moto. Akaulainisha kwa siki. Ndani ya pampu ya kutolea maji alikuta kigae cha kikombe kimekizuia kigurudumu kisizunguke. Hapo ndipo elimu yake ilipodhihirika, kwani alijua kuwa mota ingurumayo bila ya kuzunguka mara nyingi imezuiwa tu, na ile iliyokatika waya wake wa ndani hukaa kimya. Kilichochakaa kwa kweli kilikuwa kimoja, nacho ni mpira wa mlango, uliokakamaa kwa joto na kwa miaka. Akaubadilisha, na mashine ikafanya kazi.

Yakaja malipo. Ndugu yetu akasema, "Umebadilisha mpira tu! Kutoa kigae nako kwalipiwa?" Akampa thamani ya mpira na kidogo juu yake. Lakini usiku haukumpa raha, akaja akatuuliza, "Je, nimemdhulumu?"

Natuanze na yule wa kwanza. Sote twakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta umaji chini yake, akamkataza mwenye mali kuficha aibu ya bidhaa yake, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Ndani ya mashine ni kama chini ya chungu ile, mwenyewe hapaoni. Basi neno la fundi, "hiki kimekufa, hiki ki hai," ni ushahidi juu ya kilichofichikana, na mwenye kushuhudia asichokiangalia amekhini amana, hata ikitokea kwa bahati kwamba alisema kweli.

Jambo hili liliwashughulisha wanazuoni zamani. Imam Shafi'i, ambaye wengi wetu wa pwani hufuata madhehebu yake, imepokewa kwa mwanafunzi wake al-Rabi' kwamba aliona fundi hadhamini kilichoharibika mkononi mwake pasi na uzembe wake. Lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo, kwa kuwaogopa mafundi waovu. Tazameni jinsi uovu wa wachache ulivyowafungia wema haki yao!

Lakini wapi hufunzwa uovu huo? Sisi twasema, nusu yake hufunzwa na sisi wenye mashine. Pampu mpya tungeilipia bila ya neno, kwa kuwa yaonekana kwa macho na yashikika kwa mkono. Ukweli wa kwamba pampu ni nzima hatutaki kuulipia, ingawa ndio uliotuokolea mali. Fundi mkweli akirudi nyumbani na ujira wa mpira, na mwongo akarudi na faida ya pampu, ni somo gani tumelitoa? Suratul-Mutaffifin yawaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Twaidhani ni sura ya wauza duka. Basi na mtu atakaye ukweli kamili kwa ujira nusu, yeye ni nani?

Huenda mtu akasema, "Tutalipiaje kazi tusiyoijua?" Jawabu lake limo katika sheria ya ijara, ambayo yataka kazi na ujira vijulikane kabla. Tuagane na fundi kwanza ujira wa kuifungua mashine na kuipeleleza, autwae hata akikuta hakuna kilichoharibika. Kisha tuagane mbali ujira wa kutengeneza. Na kila kipuri anachokitoa atuonyeshe, kile cha zamani pamoja na kipya. Hapo fundi hatakuwa na haja ya kuizulia pampu kifo ili watoto wake wapate kula.

Ndugu yetu amekwisha mpelekea fundi wake kilichosalia. Sisi wengine na tukumbuke tuliowapunja, na wengi wao twawajua wakaapo. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.