Kompyuta Kuukuu Isipimwe kwa Kilo

Msikilizaji wa mtaa wa Baba Dogo, kompyuta kuukuu inayowaka haistahili kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa mfano, kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 pekee, ikaunganishwa na televisheni ya sebuleni. Ukiiwasha, ilingoja amri zako kwa lugha ya BASIC, na mtoto akajifunza kuitawala mashine. Simu ya leo, yenye kumbukumbu kubwa mara maelfu, humzoesha kutazama tu. Wapo watakaosema skrini za zamani zina madini ya risasi, na hiyo ni sumu. Kweli kabisa! Ndiyo maana hazifai kuvunjwa vichochoroni: kompyuta iliyokufa ipelekwe kituo cha taka za kielektroniki cha WEEE Centre hapa Nairobi, inayofufuka iachiwe fundi anayejua kulehemu redio.