Adhabu Inapogeuka Bei

Novemba 2016, katika NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, Baltimore Ravens waliwaongoza Cincinnati Bengals 19–12, zikiwa zimebaki sekunde 11. Wachezaji wa Ravens wakawakumbatia wapinzani wao kwa makusudi, kosa la wazi kabisa, huku mpiga teke wao, Sam Koch, akizungukazunguka na mpira nyuma yao hadi saa ikaisha. Kisha Koch akatoka nje na mpira nyuma ya mstari wa goli lao, Bengals wakapewa pointi mbili, mchezo ukafungwa 19–14. Muda ulioliwa na kosa haukurudishwa.

Wapo wasemao hapakuwa na dhuluma: kanuni zilijulikana, na Bengals nao wangeweza kufanya vivyo hivyo. Lakini hoja hiyo inageuza adhabu kuwa bei. Adhabu humwambia mtu asifanye. Bei humwambia alipe, kisha afanye. Anayekubali mantiki hiyo hana la kumwambia tajiri anayelipa faini ya mwendo kasi kila asubuhi bila kupunguza mwendo. Tena, nafasi sawa ya kukosa si haki, kwa sababu anayeumia ni yule aliyeshika kanuni, naye amenyang'anywa muda, kitu ambacho pointi mbili haziwezi kukifidia.

Mwaka 2017 NFL iliamua kwamba timu ikifanya makosa kadhaa kwa pamoja ili kula muda, itaadhibiwa yadi 15 na saa itarudishwa. Kwamba sasa mwamuzi analazimika kupima nia, hilo halinisumbui; mahakama hupima nia kila siku. Kinachonisumbua ni ile idadi: mchezaji mmoja akishika peke yake, kwa nia ileile, kanuni hiyo haimgusi.