Kinyozi na Kichwa cha Yatima

Waarabu wana mithali ya kinyozi ajifunzaye kazi yake juu ya vichwa vya mayatima. Maana yake ni wazi: yatima akikatwa na wembe, hana baba wa kuja kuuliza. Mithali hii ilinijia moyoni niliposoma jinsi wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wanavyofundishwa huko Marekani. Nikajiuliza, Je, ni haki mtu mwenye taabu kutiwa mikononi mwake yeye ambaye angali akijifunza?

Kwanza yafaa tujue jinsi mambo yalivyo. Vyuo vikuu vingi vya nchi ile vina kituo cha ushauri, na wanafunzi huenda huko wakiwa na huzuni, au hofu, au fikira za kujiua. Katika vituo vingi, pamoja na wataalamu wenye hati, wamo na wanagenzi. Hao wamekwisha soma miaka kadhaa kwa ajili ya shahada ya udaktari, na kabla ya kuipata hupasiwa kufanya kazi mwaka mzima chini ya wakubwa wao. Pale penye kibali cha Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, kila mwanagenzi hupata saa zisizopungua 4 za usimamizi kila juma, na katika hizo saa 2 huwa yeye peke yake na msimamizi.

Mtu aweza kusema, "Kijana aliyekesha akilia hakuja kuwa ubao wa kujifunzia. Na apewe aliye hodari." Neno hili lina nguvu. Lakini tukilifuata mpaka mwisho, hatutapata hodari hata mmoja, kwa maana kila hodari alikuwa na siku yake ya kwanza. Wala vitabu havitoshi, kwani hakuna kitabu kiwezacho kumzoeza mtu kutulia wakati mwenziwe anapolia mbele yake. Sisi walimu twalijua jambo hili. Tulipofundisha somo letu la kwanza, watoto wale walikuwa watoto wa kweli, na hesabu tuliyoikosea walikwenda nayo nyumbani.

Basi ubaya wa yule kinyozi si kujifunza. Ubaya wake ni mambo mawili: alimchagua asiyeweza kukataa, tena hapakuwa na fundi nyuma yake. Kanuni za chama kile zayakabili yote mawili. Ikiwa dhamana ya kazi ni ya msimamizi, mwenye taabu sharti aambiwe kwamba mshauri wake yumo mafunzoni, na apewe jina la msimamizi huyo. Tena msimamizi hatosheki na kuhadithiwa. Katika kila kipindi cha kupima, sharti kazi yenyewe iangaliwe.

Lakini gumu limebaki. Msimamizi yule yule amsaidiaye mwanagenzi ndiye ampimaye, na kwa neno lake mtu aweza kukosa kumaliza. Kwa hiyo mwanagenzi ana sababu ya kuficha. Atasema, "Tulizungumza vema," na kumbe kijana alipotaja kifo, yeye alishikwa na hofu akageuza maneno. Hapo mwenye taabu amekuwa yatima tena, ingawa jina la msimamizi limeandikwa na sahihi imetiwa. Kanuni yaweza kuagiza saa za kukutana, lakini haiwezi kuagiza ukweli usemwe ndani ya saa hizo.

Jawabu langu basi ni hili. Ni haki mwanagenzi kujifunza kwa mwenye taabu, maadamu watu watatu wanaambiana kweli. Mwenye taabu aambiwe kweli, na akikataa asirudishwe mikono mitupu, kwa maana ruhusa ya mtu asiye na njia nyingine si ruhusa. Mwanagenzi aseme kweli juu ya kosa lake siku ile ile, kabla halijakua. Na msimamizi aanze yeye kutaja makosa yake ya zamani, ili mdogo wake aone kwamba kukiri si kujiangamiza. Asiyeweza kusikia kosa la mwanafunzi wake bila ghadhabu, huyo hajafaa kumwekea mwingine wembe mkononi.

Nasi tunaofundisha watoto, tujiulize ni lini mara ya mwisho mwalimu mgeni alipotuambia, "Leo nimekosea." Ikiwa hajasema kamwe, labda si kwa sababu hakosei.