Boma Humlinda Nani?

Boma kwa asili ni ua wa miti au miiba uwalindao watu na mifugo yao. Ngome waliyoijenga Wajerumani Songea mwaka 1897 nayo iliitwa boma, lakini maana ilikuwa imepinduka: waliokaa ndani ni wageni, na walioogopwa ni wenyeji. Hata Warumi, walioanza mwaka 122 kujenga ukuta wa maili 73 kaskazini mwa Uingereza, walichimba handaki na kuinua matuta ya udongo upande wa kusini pia, ndani ya dola yao wenyewe.

Je, ulinzi wa namna hii watosha? Huko Kalenga, ukuta wa mawe wa Mkwawa ulishindwa na mizinga mwaka 1894. Lakini watu wake walimficha hadi 1898. Mawe yalianguka, watu wakasimama badala yake. Songea mambo yalikuwa kinyume. Boma lilisimama, na mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji, Nduna Songea Mbano akanyongwa. Lakini mji ungali waitwa kwa jina lake. Mtawala ajengaye ukuta kati yake na raia amekwisha kukiri kwamba hana nchi, ana ngome tu.