Je, Mkristo Anadaiwa Upendo kwa Nchi Yake?



Kila mwaka, wiki inayofunga Juni na kufungua Julai huwa na shughuli nyingi katika usharika wetu. Juni 30 ndugu zetu wa Kongo wanakumbuka uhuru wao wa mwaka 1960. Kesho yake, Julai 1, ni zamu ya ndugu wa Burundi na wa Rwanda, ambao nchi zao zilipata uhuru siku moja mwaka 1962. Siku tatu baadaye, Julai 4, majirani zetu Wamarekani wanapiga fataki usiku kucha. Watoto wanafurahi, lakini baadhi yetu tuliotoka vitani tunafunga madirisha, maana mlio ule tuliujua kwa jina jingine. Watanzania na Wakenya husubiri Desemba, tarehe 9 na tarehe 12.

Katika kikao cha wazee wa kanisa, mmoja wetu alitoa pendekezo: mwaka huu, Jumapili ya wiki hiyo, tuweke bendera za nchi zetu zote mbele, karibu na madhabahu. Lilikuwa pendekezo la upendo. Vijana walilipokea kwa furaha, na tayari walikuwa wanauliza bendera zinunuliwe wapi. Ndipo mama mmoja aliyekimbia Kivu na mtoto mgongoni akasema, kwa sauti ya chini, kwamba bendera mojawapo ikisimama pale yeye atakaa nyuma ya nguzo asiione. Akaongeza kwamba hata ile ya kwao haimpi furaha, kwa sababu siku nyumba yake ilipochomwa hakuna askari wa bendera hiyo aliyefika.

Tulikaa kimya. Kisha baba mmoja Mtanzania, ambaye alikuwa amebakiza siku chache kula kiapo cha uraia wa Marekani, akasema swali lake ni tofauti lakini linamnyima usingizi vilevile. Kiapo kinamtaka aukane utii wake kwa dola nyingine yoyote, na sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. "Nikishaapa," alisema, "nitakuwa nimemkana mama yangu?"

Kikao kiliahirishwa, lakini maswali hayo mawili tulirudi nayo nyumbani. Je, imani ya Kikristo inatudai kuipenda nchi? Na kama inatudai, ni nchi ipi: ile tuliyozaliwa, ile iliyotupokea, au ile ya mbinguni ambayo Paulo anasema ndiko uraia wetu ulipo (Wafilipi 3:20)? Tungependa kuyatafakari pamoja nanyi, wapendwa, kwa sababu tunaamini hakuna nyumba katika usharika wetu ambayo maswali haya hayajafika.

Tuanze na jambo rahisi. Katika amri kumi hakuna amri ya kuipenda nchi. Tumeamriwa kumpenda Mungu, kuwaheshimu baba na mama, na kumpenda jirani. Nchi haikutajwa. Yesu alipoulizwa kuhusu kodi alisema Kaisari apewe kilicho chake na Mungu apewe kilicho chake (Mathayo 22:21). Kaisari anadai kodi na utii wa sheria. Moyo hakupewa. Hata kiapo kile kinachomsumbua ndugu yetu, ukikisikiliza kwa makini, kinadai utii na kuitetea katiba. Neno upendo halimo. Serikali nayo inajua kwamba upendo haulazimishwi kwa kiapo.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya Biblia. Nusu ya pili imejaa watu wanaolia kwa ajili ya nchi zao. Yesu mwenyewe alipoukaribia Yerusalemu aliulilia (Luka 19:41). Paulo alisema angekuwa tayari yeye mwenyewe kutengwa na Kristo kama ingewafaa ndugu zake wa damu (Warumi 9:3). Hawa hawakuwa wanatimiza amri fulani ya uzalendo. Walikuwa wanawapenda watu wenye majina na nyuso, watu waliokula nao, waliosali nao, waliozungumza nao kwa lugha moja. Hapo ndipo tunapoona jibu linaanza. Mungu hakutuamuru kuipenda ramani, lakini alituamuru kumpenda jirani, na nchi ni majirani ambao Mungu alitupa kabla hatujachagua. Lugha tuliyoimbiwa tukiwa mgongoni, mwalimu aliyetufundisha kusoma, mama wa jirani aliyetupa uji mama yetu alipolazwa hospitali: hayo yote tuliyapokea mahali fulani. Kuyasahau ni utovu wa shukrani, na utovu wa shukrani ni dhambi.

Sasa, upendo huo unafananaje? Hakuna mwalimu bora kwetu tunaoishi ugenini kuliko nabii Yeremia. Yeye aliipenda Yuda mpaka machozi, na bado aliwaambia wakuu wake ukweli ambao hawakutaka kuusikia: kwamba dhuluma yao itawaangusha na kwamba Babeli itashinda. Kwa maneno hayo alikamatwa langoni akashtakiwa kwamba anakimbilia kwa adui, akapigwa, na baadaye akateremshwa katika shimo la matope (Yeremia 37 na 38). Wakuu waliona msaliti. Mungu aliona mtu pekee mjini anayeipenda nchi vya kutosha kuiambia kweli.

Na mji ukiwa umezingirwa, Yeremia akiwa kifungoni, Mungu anamwambia anunue shamba kijijini kwao Anathothi. Analipa shekeli 17 za fedha, mashahidi wanatia sahihi, hati inawekwa ndani ya chombo cha udongo ili idumu (Yeremia 32). Wengi wetu tunalielewa tendo hili kuliko wasomi. Tunajua maana ya kutuma fedha za kiwanja mahali ambapo hatujui kama tutaishi tena. Watu hutucheka: unanunua nini huko? Tunanunua tumaini. Tunasema kwamba nchi ile bado ina kesho, hata kama sisi hatutaiona.

Lakini Yeremia huyohuyo ndiye aliyewaandikia waliopelekwa uhamishoni Babeli barua ambayo tunaipenda sana (Yeremia 29). Aliwaambia wajenge nyumba na kuishi ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao, na waitakie mema na kuiombea amani ile miji walikopelekwa. Babeli! Mji wa jeshi lililowateka. Yeremia hakuona kwamba kuiombea Babeli kunaondoa upendo wa Anathothi. Mtu mmoja anaweza kuwa na hati ya shamba la nyumbani na bustani ya mboga ugenini, na vyote viwili vikawa ibada mbele za Mungu.

Hapa inatubidi tukiri kosa letu. Wengi wetu tunaishi Marekani kama watu wanaosubiri basi. Tunavuna bila kupanda. Tunafanya zamu mbili, tunatuma fedha nyumbani, lakini jina la jirani wa mlango wa pili hatulijui, mkutano wa wazazi shuleni hatuendi, na watoto wetu wakisema "nchi yetu" wakimaanisha hapa, tunawakemea au tunawacheka. Watoto hao wamezaliwa hapa. Majirani ambao Mungu amewapa wako hapa. Tukiwafundisha kuidharau nchi hii, tunawafundisha kuwadharau jirani zao, na hiyo ni kinyume cha amri ambayo hakika imeandikwa.

Basi kwa baba yetu mwenye kiapo tunasema hivi: ndugu, utii wa kisheria unaweza kuhama kwa karatasi, na ukiapa, apa kwa ukweli, maana Mungu hapendi kiapo cha mdomo mtupu. Lakini shukrani haihamishwi kwa karatasi. Binti akiolewa huingia katika nyumba nyingine na kuchukua wajibu mpya. Hajamkana mama yake. Angemkana kama angeacha kumpigia simu.

Upendo wa nchi una hatari yake pia, na hatuwezi kuinyamazia. Huko Nazareti Yesu alisimama katika sinagogi la kijiji alikolelewa. Mwanzo walifurahia maneno yake. Hasira iliwaka pale alipowakumbusha kwamba zamani Mungu alimtuma Eliya kwa mjane wa Sarepta na akamtakasa Naamani wa Shamu, watu wa mataifa mengine, ilhali wajane na wenye ukoma walikuwa wengi katika Israeli. Watu wa kijiji chake walimtoa nje wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima (Luka 4:25–30). Kosa lake lilikuwa kusema kwamba Mungu ni wa wengine pia. Upendo wa nchi ukifika mahali hauwezi kusikia hilo, umeshakuwa sanamu, hata kama umeshonwa kwa kitambaa kizuri. Ukanda wetu haukosi ushahidi. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama nchini Rwanda wakitafuta usalama, wakauawa humohumo, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kama wao. Walikuwa wamefundishwa kuwapenda "watu wetu" mpaka jirani akaacha kuwa mtu.

Tunao pia ushahidi wa upande wa pili. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliipenda nchi yake, na kwa sababu hiyo yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin wakipinga mauaji na dhuluma. Alikamatwa na kuuawa Februari 16, 1977. Serikali ya siku zile ilimwita mhaini na kutangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Leo hiyo Februari 16 ni siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani alikuwa salama New York mwaka 1939, akarudi kwao baada ya wiki chache, kwa kuwa aliona hangekuwa na haki ya kuijenga upya nchi baada ya vita kama hakushiriki mateso yake. Wanazi walimnyonga Aprili 1945. Wote wawili waliitwa wasaliti na watu walioshika serikali. Tunajifunza kwamba nchi na serikali si kitu kimoja, na kwamba mara nyingine anayeipenda nchi zaidi ndiye anayekataa kuisifu.

Lakini tusichukue mfano wa Bonhoeffer tukamhukumu aliyekimbia. Bwana wetu alibebwa kwenda Misri akiwa mtoto, usiku, kwa kumkimbia mfalme wa nchi yake (Mathayo 2:13–15). Yusufu na Mariamu hawakuisaliti Bethlehemu.

Na hilo linaturudisha kwa mama yetu wa Kivu, ambaye kwetu ndiye mwenye swali gumu zaidi. Je, tunaweza kumwambia kwamba imani inamdai aipende nchi iliyoshindwa kumlinda? Hatuwezi kumdai furaha. Zaburi ya 137 inatupa picha ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli wakakataa kuimba kwa kulazimishwa, na mwisho wake una maneno makali ya kisasi ambayo tunaona taabu kuyasoma ibadani. Mungu aliyaacha katika Biblia. Maana yake ni kwamba uchungu wetu unaruhusiwa kufika mbele zake kama ulivyo, na kwamba aliyeumizwa halazimiki kupeperusha kitambaa ili aonekane mcha Mungu.

Ila tumeona jambo ambalo yeye mwenyewe hajalisema. Kila mwezi anatuma ada ya mtoto wa marehemu dada yake. Kila Jumatano katika maombi anakitaja kijiji chake. Na majira ya baridi yaliyopita, mama mmoja kutoka upande wa pili wa mpaka ule alipojifungua, wanawake walipanga zamu za kupeleka chakula, naye alipika zamu yake kama wengine. Hakutabasamu sana, lakini alipika. Hatujui kama yeye angeuita huo upendo wa nchi. Sisi tunaona ni zaidi ya huo: ni kumpenda jirani pale ambapo nchi zimeshindwa kupendana.

Basi wazee wameamua hivi. Bendera zote zitakuwa ukumbini, kwenye chai na chakula, na kila anayetaka kuvaa rangi za kwao avae. Karibu na madhabahu hazitawekwa, hata moja, ikiwemo ya Marekani, kwa sababu pale mbele tunaungama Bwana mmoja. Badala yake kutakuwa na kapu. Kila mtu aandike kwenye karatasi jina la mahali: Uvira, Rumonge, Kigoma, Huye, Kisii, au mtaa wetu huu wa hapa. Chini yake aandike jina la mtu mmoja wa mahali hapo wa kuombewa. Watoto wa Sunday School waandike pia, na mzazi asimchagulie mtoto mahali.

Tunajua wapo watakaoona hatua hii ni ndogo, na wapo watakaoona imezidi. Mama yetu hajasema kama ataandika. Tusimuulize. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba Jumapili hiyo hakuna mtu anayelazimika kukaa nyuma ya nguzo katika nyumba ya Baba yake.

Tuombe: Ee Mungu, Bwana wa mataifa yote, tunakushukuru kwa nchi zilizotuzaa na kwa nchi iliyotupokea. Tupe ujasiri wa kuziambia kweli, machozi ya kuzililia, na mikono ya kuzihudumia. Utulinde tusizifanye miungu. Waponye walioumizwa na nchi zao, na utufikishe sote katika mji wako, ambako hakuna mgeni. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mbarikiwe, na karibuni ibadani.