Kuni za Watu

Msafiri anayetaka kupika nje huko Kisii au Nyamira ana taabu ambayo mwenzake wa Turkana haijui: hakuna nje. Hakuna pori wala uwanda, hakuna kipande cha ardhi utakachosema hapa si pa mtu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali wastani wa Kenya nzima ni 82. Migomba inaishia majani chai yanapoanzia, majani chai yanaishia kwenye ua wa mtu, na nyuma ya ua kuna mbwa. Hata mkaratusi uliosimama peke yake kando ya barabara una mwenyewe, na mwenyewe anajua una matawi mangapi.

Zamani palikuwa na nafasi. Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, walikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe ambako vijana wasiooa walilala wakilinda mifugo isiibwe. Serikali ya kikoloni ilizivunja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Haikupenda kuona vijana wenye mikuki wamekusanyika. Baadaye malisho yakawa mashamba, mashamba yakagawiwa wana, kisha wajukuu, hadi leo kuna mtu ambaye urithi wake hautoshi kugeuzia lori.

Basi niliposafiri na wenzangu wa kazini kutoka mjini Kisii kuelekea Nyamira, dereva wetu, mzaliwa wa Bonchari, alicheka aliposikia tunataka kupika chakula cha jioni juu ya ukingo wa Manga. "Mtapika kwa nani?" akauliza. Sisi tulikuwa tumejadiliana njia nzima tupike wapi. Swali la kwa nani halikuwa limempitia yeyote akilini.

Nyama ya mbuzi na ndizi mbichi tulikuwa tumezinunua sokoni Daraja Mbili, na mzigo wa kuni tuliununua kwa muuzaji wa njiani. Manga nayo, kwa asiyewahi kufika, ni ukingo mrefu wa mawe unaokatika ghafla. Siku isiyo na ukungu unaliona Ziwa Victoria kwa mbali, na giza likiingia taa za Kisumu zinawaka kule chini. Ziwa hilohilo ndilo linaloleta unyevu unaopanda milimani na kugeuka mvua ya alasiri, mara nyingi na mawe yake. Ilitunyeshea vizuri, sisi na kuni zetu.

Dereva alitupeleka hadi lango la boma moja, akapiga hodi, akasubiri. Bibi mwenye nyumba alipotoka, dereva aliinama akampa mkono na kumwamkia kwa lugha yao. "Bwairire, Magokoro." Ikafuata habari ndefu: yeye ni mwana wa nani, mama yake aliolewa kutoka wapi, mvua ya kwao ikoje. Mwenzetu mmoja alianza kutazama saa. Ombi la mahali pa kukoka moto lilikuja mwisho kabisa, likatajwa kama jambo dogo lililosahaulika.

Bibi akazitazama kuni zetu. "Hizo mpikie kesho," akasema, kisha akamtuma mjukuu wake jikoni. Kijana akarudi na kuni zilizotolewa kwenye uchaga ulio juu ya meko, zimekaushwa na moshi hadi zimekuwa nyeusi, pamoja na makaa ya moto juu ya kigae. Mafiga matatu yakapangwa kwenye majani, hatua chache kutoka majani chai yake. Moto ukashika papo hapo.

Nyama tuliichoma wenyewe juu ya wavu wa waya, na ndizi tukazifukia kwenye majivu ya moto. Ugali hatukuruhusiwa kuugusa. Unga wa wimbi ulikuwa wake, na wimbi si sembe: ugali wake ni mweusi, mzito, unataka mkono unaojua. Aliusonga amesimama, akaupakua ndani ya ekee, kile kikapu cha kufumwa ambacho hushika joto mpaka mlaji wa mwisho. Kufikia hapo majirani walikuwa wameshaona moshi. Walikuja bila kuitwa, mmoja na bakuli la mboga ya chinsaga iliyochemshwa tangu mchana ikatiwa maziwa hadi uchungu ukalainika, mwingine na watoto tu. Nyama tuliyodhani itatushibisha ikagawanywa, na fungu langu lingeenea kiganjani.

Uswidi kuna haki ya kale inayomruhusu mtu yeyote kupiga hema usiku mmoja katika ardhi ya mwingine bila kuomba, mradi asisogelee nyumba na asiharibu kitu. Ni haki nzuri, naihusudu. Lakini haki hiyo imekusudiwa kuwaepusha watu wawili wasisumbuane. Ingetumika Manga, tungekula nyama nyingi kwa amani, bila chinsaga, na pengine bila moto.

Wakati wa kuondoka mwenzetu mwenye saa alichomoa noti. Bibi akausukuma mkono wake taratibu, kwa uso usio na hasira. Pesa ya kuni ingekuwa imemaliza mambo usiku uleule, kila mtu na lake. Alichotaka ni namba ya simu, akaiomba kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwenye nywele nyeupe.

Mwezi uliopita akapiga. Yule mjukuu aliyetuletea kuni amepata nafasi chuoni hapa Nairobi na hana pa kulala mpaka apate chumba. Habari ndefu ilitangulia, mvua na afya na majani chai, kisha ombi likaja mwisho, dogo. Kijana yuko sebuleni kwangu ninapoandika haya. Chumba bado hajapata, na sidhani anaharakisha. Anakula vizuri sana, ila sembe yetu anasema ni nyepesi, na Jumamosi amemwambia mke wangu anunue wimbi.